Farasi Wanaokufa kwa Adabu

Juma lililopita, wasomaji wangu, tulimwacha Kanali Lysander Peake kwenye jukwaa la stesheni ya Kearsley, kule Nebraska, mkono mmoja hewani. Treni ilikuwa inaingia. Nyuma yake bendi nzima ya tarumbeta ilikuwa imeanza kupiga.

Na Kanali hakuwa ameita bendi.

Aligeuka. Watu walikuwa wamejaa mpaka juu ya paa la ghala. Wanawake wamevaa kofia zao za kanisani, watoto wamebebwa mabegani. Ukutani palikuwa na bango jekundu, la tangu jana: KANALI PEAKE, SHUJAA WA NYIKA, AENDA MAWINDONI! NJOO UMUAGE!

"Doolan," Kanali alisema kwa sauti ya mtu aliyekanyaga mwiba. "Doolan, umeniua."

Fenwick Doolan ndiye mtangulizi wa onyesho lake la farasi. Kazi yake ni kutangulia mji kwa mji na ndoo ya gundi, kubandika mabango, ili farasi na waendeshaji wao wakifika wakute watu wameshakaa. Kanali alikuwa amemwambia maneno machache tu: "Nitafutie behewa la kwenda Bonde la Sorrel, mimi na rafiki zangu wawili, kimyakimya." Doolan alisikia behewa. Alisikia bonde. Neno kimyakimya halikuwa na mahali pa kukaa katika kichwa chake.

Nyuma ya tangi la maji, kwenye gari la kukokotwa, rafiki hao wawili walikuwa wanasubiri.

Wa kwanza ni mzee Obadiah Strunk. Zamani, kabla ya reli, yeye na Lysander waliendesha magari ya ng'ombe nyikani, wakalala chini ya blanketi moja. Sasa macho ya Obadiah yalikuwa yanafunga. Katikati pana ukungu. Anaona pembeni tu. Daktari alimwambia theluji ya mwaka huu ataisikia ikianguka, hataiona. Mzee hakulia. Alimwendea Lysander akamwambia, "Nataka kumwona wapiti, yule kulungu mkubwa wa milimani, mara moja tena. Dume, pembe zake zote, Bonde la Sorrel, kama tulivyowaona ujanani. Na sitaki mtu anione nikipapasa. Ukiniletea hata tarumbeta moja, nashuka narudi nyumbani."

Wa pili ni Temperance Quill, aliyekuwa dobi wa askari ngomeni na sasa ana mkahawa wake mwenyewe. Alikuwa ameketi kando ya Obadiah, amemshika kiwiko kwa namna ambayo mtu angedhani mzee ndiye anayemshikilia yeye.

Kanali aliwafikia akihema.

"Lysander," Obadiah alisema, "nasikia nini?"

"Ngoma tu, mzee. Ngoma si tarumbeta."

"Na hiyo nyingine?"

"Hiyo... hiyo ni tarumbeta."

"Tempi, geuza gari."

"Ngoja kwanza!" Kanali alishika hatamu. "Nipeni nafasi kidogo. Tempi, treni ikisimama zunguka mbele ya injini, mpandishe upande wa pili. Hakuna atakayewaona. Watu wote watakuwa wananitazama mimi."

"Hilo," Tempi alisema, "umelifanyia mazoezi maisha yako yote."

Ni kweli, na Kanali aliijua kweli hiyo alipokuwa anarudi jukwaani. Hata ukanali wake haukutoka jeshini. Ulitoka kwa mchoraji wa mabango, aliyebakiwa na nafasi mbele ya jina akaona haya kuiacha wazi. Leo, kwa mara ya kwanza, upuuzi wake wote ungefanya kazi ya maana.

Alimpanda Samson, farasi wake mweupe. Alivua kofia. Tamvua za koti lake la ngozi zilipepea.

"Wananchi wa Kearsley!" alinguruma. "Naenda nyikani, na huenda nisirudi!"

Wanawake wawili walitoa leso. Na mfugaji mmoja, aliyeshikwa na uchungu wa kuagana, akachomoa bastola akapiga risasi hewani.

Pa!

Hapo lazima niwakumbushe jambo ambalo kila mpenzi wa onyesho la Peake analijua. Samson amefundishwa. Akisikia risasi, anakufa. Anapiga magoti, anajilaza ubavu, anatoa mguu mmoja juu, anautetemesha, anatulia. Na hafufuki mpaka asikie makofi.

Samson alikufa vizuri sana. Kanali aliruka juu ya shingo yake, akapita hewani na tamvua zake zote, akatumbukia kichwa chini ndani ya hori la maji la farasi.

Umati ulipiga kelele mpaka filimbi ya treni haikusikika. Bendi iliacha kupiga; mpiga ngoma alikuwa amekaa chini, anashika mbavu. Kanali alitoa kichwa majini, unyasi umemning'inia sikioni, akatazama chini ya mabehewa. Upande wa pili aliona miguu minne. Viatu vya Tempi vilienda taratibu, vikisubiri viatu vya mzee, ngazi kwa ngazi. Kisha miguu ikapotea ndani.

Aliinuka ndani ya hori, akachuruzika, akainama kwa heshima. Watu walimpigia makofi. Samson naye akafufuka, akainama kando yake.

*

"Unachuruzika," Obadiah alisema, treni ilipokwisha kushika mwendo.

"Jasho."

"Jasho lenye samaki? Nasikia kitu kinarukaruka buti yako."

Tempi alimvua buti la kushoto akaligeuza. Kisamaki kilianguka sakafuni. Alikitia katika kikombe cha maji, na pale mtoni, treni ilipopunguza mwendo juu ya daraja, alikimwaga dirishani.

Obadiah alikuwa anatabasamu kidogo, kwa upande mmoja. "Wamecheka sana?"

"Mpaka mpiga ngoma amekaa chini."

"Makusudi?"

"Nilikusudia kuanguka. Ila nilipanga kuanguka kwa fahari. Hori halikuwemo."

Mzee alivua skafu yake ya sufu shingoni, akaitupa upande ambao maji yalikuwa yanadondoka. "Jikaushe, mpumbavu wewe. Utapata kikohozi, uniharibie kimya cha bondeni."

Hiyo ndiyo asante ya Obadiah Strunk. Wanaomfahamu wanajua hana nyingine kubwa zaidi.

"Niambie kilicho nje," alisema baadaye. "Kilichopo, Lysander. Si kilichoko kwenye bango."

Kanali alitazama dirishani, akakohoa kama mtu anayeanza hotuba. "Nyika isiyo na mwisho, makao ya mashujaa..."

"Nimesema kilichopo."

Kanali alitazama tena. Ilikuwa kazi ngumu kuliko alivyodhani. "Nyasi," alisema.

"Naam. Na?"

"Nyasi zaidi. Uzio. Ng'ombe mmoja amegeuza mgongo kwenye upepo."

"Mwekundu?"

"Mwekundu, ana baka jeupe."

"Asante," Obadiah alisema, akaegemea kiti kana kwamba amelishwa.

Tempi alimenya yai la kuchemsha akampa mzee mkononi, la pili akampa Kanali. "Sasa nieleze mipango," alisema. "Mahema yapo?"

"Yapo, behewa la nyuma."

"Chakula?"

"Maharagwe, nyama ya chumvi, kahawa, unga."

"Farasi?"

"Farasi watatu bora kuliko wote Nebraska! Samson na wenzake wawili, nimewatoa kwenye onyesho lenyewe."

Tempi alimtazama. Akazitazama bunduki zilizoning'inia juu ya dirisha. Akamtazama tena. Aliamua kungoja kidogo, aone kama akili itamfikia mwenyewe.

Haikumfikia.

"Na wapiti?" aliuliza. "Watu wanasema Sorrel hakuna tena. Wameuawa na mabwana wa mashariki waliokuja na bunduki zao."

Kanali aliangalia magoti yake. Aliwajua mabwana hao. Yeye ndiye aliyewaonyesha njia, tena akapiga nao picha. "Nimeshalifikiria hilo," alisema kwa unyonge. "Nimempelekea Doolan telegramu atangulie. Nimemwambia, hakikisha mzee hakosi wapiti."

"Umemwagiza mbandika mabango akuhakikishie mnyama wa porini?"

"Doolan ni mtu wa kutegemewa."

"Hicho ndicho kinachoniogopesha," Tempi alisema, akala yai lake.

*

Waliteremka mahali ambapo palikuwa na tangi la maji na kibanda, basi. Hakukuwa na umati. Hakukuwa na bendi. Ubavuni mwa tangi, hata hivyo, palikuwa na bango jekundu lenye uso wa Kanali, na ng'ombe mmoja alikuwa amesimama mbele yake.

"Wameshaanza kufika," Tempi alisema.

Kwa mlinzi wa tangi walikodi nyumbu wa mizigo, mwenye sikio moja lililokatika na uso wa mtu asiyeamini chochote. Walipakia, wakapanda farasi, wakaingia bondeni asubuhi ile jua likiwa limepanda vizuri. Upande wa kaskazini misonobari, kusini kijito, na katikati nyasi za rangi ya mkate. Baridi ya kwanza ya Septemba ilikuwa hewani.

Obadiah alisimamisha farasi akavuta pumzi ndefu. "Bado linanukia vilevile," alisema. "Ngoja nijaribu bunduki, nione kama bega bado linakumbuka."

"Mzee," Tempi alisema, akashuka upesi kwenye tandiko lake. "Shuka kwanza."

"Kwa nini?"

"Nipe heshima tu, babu. Shuka."

Obadiah alishuka, Tempi amemshika mkono. Kanali alibaki juu, amenyooka, anatazama upeo kama anavyotazama kwenye mabango.

Mzee alielekeza bunduki kwenye kisiki. Pa!

Farasi wote watatu walikufa.

Walikufa kwa adabu, kwa mpangilio, wakubwa kwanza. Samson alitoa na mguno mdogo ambao huwa anauweka kwa ajili ya maonyesho ya Jumamosi. Kanali alibingirika kwenye nyasi mpaka miguuni mwa nyumbu. Nyumbu alimtazama, akaendelea kutafuna.

"Lysander," Obadiah alisema. "Nimepiga kisiki. Ni nini kimeanguka?"

"Hakuna kitu."

"Nimesikia vitu vitatu vikubwa na kimoja kidogo."

"Farasi wamekufa," Tempi alisema. "Na Kanali ndiye kile kidogo."

"Hawajakufa!" Kanali aliinuka, nyasi mdomoni. "Ni... wamefundishwa. Ni lazima tupige makofi."

Ikawa hivyo. Katika Bonde la Sorrel, mahali ambapo zamani hata wao walinong'ona kwa heshima, wazee wawili na mwanamke mmoja walisimama wakawapigia makofi farasi waliolala. Farasi wawili waliamka. Samson hakuamka. Alifumbua jicho moja, akahesabu watazamaji, akalifumba.

"Anataka zaidi," Kanali alikiri, masikio yamemwiva. "Ana kiburi kidogo."

"Sijui amekipata wapi," Tempi alisema.

Walipiga makofi kwa nguvu. Kanali alipiga mluzi. Tempi alipiga kikaango kwa mwiko. Hatimaye Samson aliinuka, akainama kulia, akainama kushoto.

Na hapo wakasikia sauti ambayo hawakuwa wameisikia tangu majira ya kuchipua, siku mzee alipotoka kwa daktari. Obadiah alikuwa anacheka. Alicheka akajishika kwenye shingo ya nyumbu, machozi yakamtiririka ndevuni. "Ee Mungu," alisema. "Laiti ningeona sura yako, Lysander."

"Hukukosa kitu, mzee. Ni ileile iliyoko kwenye tangi la maji, ila na nyasi."

*

Mchana walipiga kambi kando ya kijito. Tempi alifunga aproni. "Nendeni wenyewe," alisema. "Mkiua nitapika nyama. Msipoua nitapika maharagwe. Msiponiletea kelele nitapika na mkate." Alibaki na bunduki yake, nyumbu wake, na moto wake.

Wanaume wawili walipanda bonde polepole. Hawakuona unyayo. Hawakuona kinyesi. Kwenye miti ambayo wapiti hujikuna pembe, gome lilikuwa limepona zamani. Kila walivyosonga mbele, ndivyo Obadiah alivyozidi kunyamaza, na Kanali alivyozidi kuwakumbuka wale mabwana wa mashariki na ile picha.

"Turudi," mzee alisema hatimaye, kwa upole. "Umejitahidi, ndugu yangu. Bonde nimelinusa. Inatosha."

"Twende mpaka kilima kile tu."

Walishuka kwenye farasi. Obadiah aligeuza kichwa upande, kama kuku anayechungulia punje, kwa sababu ndivyo anavyoona siku hizi. Mwili wake wote ukaganda.

"Lysander," alinong'ona. "Ng'ambo ya kijito. Juu ya kilima. Niambie ni kweli."

Kanali alitazama, na moyo wake ukaruka kwa furaha. Mnyama mkubwa kama farasi, manyoya ya kahawia, mabega mapana. Na pembe! Pembe za matawi, kubwa kama kiti cha mfalme.

Kisha akatazama vizuri zaidi.

Pembe zilikuwa zimeinama kidogo upande wa kushoto. Chini ya kidevu palikuwa na mkanda wa ngozi wenye kishikizo cha shaba. Na nyuma ya kichaka zilitokeza buti mbili na ndoo ya gundi.

Huyo hakuwa dume. Hakuwa hata wa porini. Alikuwa Arabella, jike la wapiti la onyesho, ambaye Bibi Peake, mke wa Kanali, alimlea jikoni kwa chupa ya maziwa na anamwogesha kwa sabuni ya waridi kila Jumapili. Doolan alikuwa amehakikisha mzee hakosi wapiti. Amemleta kwa treni, akamvika pembe za ukutani.

"Ni kweli?" Obadiah aliuliza tena. Sauti yake ilikuwa inatetemeka kama ya kijana.

Kanali alifungua mdomo. Akisema hapana, atamnyang'anya mzee kitu cha mwisho alichoomba duniani. Akisema ndiyo, Arabella anakufa, na safari hii makofi hayatamfufua, na Lysander Peake hatakuwa tena na nyumba ya kurudi.

"Ni... kweli," alisema.

Obadiah alipiga goti akainua bunduki. Mikono yake, iliyokuwa ikipapasa vikombe tangu asubuhi, ilitulia kabisa.

Kanali hakufikiri. Mtu akiishi maisha yake yote kwa kelele, shida ikija mkono wake unajua pa kwenda. Alichomoa bastola ya onyesho, ambayo ndani yake mna baruti tupu, akaifyatua hewani.

Pa!

Arabella ni msanii. Alianguka papo hapo, kama gunia. Bunduki ya Obadiah ililia mara moja nyuma ya bastola, na risasi ikapita juu, pale mnyama alipokuwa amesimama, ikaenda zake mlimani. Nyuma yao farasi wawili nao walikufa. Samson alilala juu ya bunduki ya Kanali, iliyokuwa imefungwa kwenye tandiko, mguu wake ukatetemeka, akatulia.

"Bastola ya nini?" Obadiah aliuliza.

"Imeteleza mkononi. Furaha."

"Nimempata?"

"Ameanguka, mzee."

Obadiah aliweka bunduki kwenye nyasi. Alivuka kijito mwenyewe, maji mpaka magotini, mikono mbele, akakataa kushikwa. Kanali alimfuata nyuma, mguu kwa mguu, mikono imefunguka, kama unavyomfuata mtoto anayejifunza kutembea.

Mzee alipiga magoti kando ya Arabella. Aliweka kiganja shingoni mwake, akakiacha hapo. Machozi yalimtoka bila haya.

"Ana joto," alisema.

"Ndiyo."

"Mzuri sana. Angalia shingo." Mkono ukapanda, ukapita sikio, ukafika kwenye pembe, ukaifuata tawi kwa tawi mpaka ncha.

Pembe ikang'oka, ikabaki mkononi mwake.

Kanali alifumba macho. Alingoja matusi. Alingoja kilio. Alijiona alivyo, mzee wa tamvua, mwongo wa mabango, aliyemletea rafiki yake mlemavu wa macho mwanasesere.

Alipofumbua, Obadiah alikuwa anairudisha pembe mahali pake. Taratibu, kama bibi anayemvika mjukuu kofia ya baridi. Aliukaza mkanda, akahakikisha haubani sikio.

"Lysander," alisema bila kugeuka.

"Naam."

"Mwambie Doolan asipige makofi bado. Nataka nimshike kidogo zaidi."

"Umejua saa ngapi?"

"Bastola ilipolia. Baruti yako inalia kama mlango wa jikoni. Halafu ananukia waridi, jamani. Dume gani la porini linanukia waridi?"

"Umekasirika?"

"Nimeletewa mnyama kwa treni, umbali wote huu, ili nisirudi mikono mitupu. Nikasirike kwa lipi?" Alimpapasa Arabella kati ya macho, na Arabella, ambaye alikuwa amekufa, alimlamba kifundo cha mkono. "Sikumwona dume wangu. Lakini nimeona nina rafiki wa namna gani. Mjinga. Mjinga kabisa."

Kanali alikuwa anatafuta neno la kujibu, la kawaida, lisilo la bango, alipoona uso wa mzee unabadilika. Obadiah alikuwa amegeuza kichwa upande, kama kuku kwenye punje. Hakuwa anamtazama Kanali. Alikuwa anatazama nyuma yake, kwenye misonobari.

"Usigeuke haraka," mzee alinong'ona. "Nataka kukuuliza. Doolan ameleta wapiti wangapi?"

"Mmoja. Tunaye mmoja tu."

"Basi huyo aliye nyuma yako ni wa nani?"

Ndipo Kanali aliposikia. Mlio mrefu, mwembamba, kama filimbi iliyopasuka, ukapanda, ukakatika, ukamalizikia kwenye mkoromo mzito karibu na mgongo wake. Masikio ya Arabella yalisimama. Ni Septemba, wasomaji wangu, mwezi ambao madume hushuka milimani kutafuta wake. Na huyu amemnusa Arabella. Amemnusa, kisha ameona ana pembe, kama dume mpinzani.

Kanali aligeuza shingo polepole. Alikuwa pale, ameinamisha kichwa, mvuke unamtoka puani, pembe zake zimepauka ncha kwa kupigana. Hakuna mchoraji wa mabango aliyewahi kuthubutu kuchora pembe kama zile.

Bunduki ya Kanali ilikuwa chini ya Samson. Ya Obadiah ilikuwa ng'ambo ya maji. Bastola ilikuwa na baruti tupu. Samson mwenyewe, farasi mwepesi kuliko wote Nebraska, alikuwa amelala amekufa kifo kizuri kuliko vyote alivyowahi kufa, na makofi ambayo yangemwamsha yangemchokoza pia yule dume.

"Namwona," Obadiah alisema. Uso wake wote ulikuwa umewaka. "Lysander, namwona! Pembe zote!"

Dume lilikwangua ardhi kwa kwato, mara moja, mara mbili.

Huko juu nyuma ya kichaka, Fenwick Doolan alisimama, mashavu yamelowa machozi. Alikuwa ameona maonyesho mengi, lakini hajawahi kuona zuri kama hili. Alivuta pumzi, akatanua mikono yake miwili.

Na Kanali Lysander Peake, aliyeomba makofi katika kila mji kuanzia mtoni mpaka milimani, kwa mara ya kwanza maishani mwake alimwomba Mungu asipigiwe.